Sura ya Kwanza ya Colleen Dressler

Ardis Tollefsrud alikuwa na ulimi mbaya, na kabla sijaenda mbali niseme kwamba wengi walioumwa na ulimi huo walistahili. Alifundisha historia katika chuo cha mji wa Rugstad, Dakota Kaskazini, mahali ambapo upepo wa Januari ukikukuta nje bila kofia utajuta kuzaliwa, na ambapo mtu husifiwa kwa kunyamaza. Yeye hakunyamaza. Akisikia upumbavu kwenye mkutano wa idara alisema huu ni upumbavu, akamtaja aliyeusema kwa jina, kisha akaomba apitishiwe kahawa.

Alikulia shambani, ngano mbele, ngano nyuma. Alipokuwa msichana anayekaribia kuondoka nyumbani, serikali ilikuja ikachukua kipande cha shamba la baba yake, katikati kabisa, pale penye udongo mzuri. Ikachimba shimo, ikateremsha kombora la nyuklia, ikalifunika kwa saruji na kuzungusha uzio. Baba yake, mzee Halvor, akawa analima akiuzunguka uzio ule kama mtu anavyozunguka kisiki. Tena alijivunia! Wageni wakija Jumapili baada ya kanisa aliwapeleka kuutazama, ingawa hapakuwa na cha kutazama ila mfuniko na taa juu ya mlingoti. "Hapo chini amelala mlinzi wetu," alikuwa akiwaambia, na wageni walitikisa vichwa na kurudi ndani kula.

Kisha Lyle, mdogo wake Ardis, mtoto wa kiume wa pekee, akapelekwa Vietnam na kurudishwa ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Halvor aliikunja ile bendera akaiweka juu ya kabati la vyombo, na hakusema neno. Ardis ndiye aliyetaka kusema. Alikwenda kusoma historia kama mtu anayekwenda polisi kushtaki, na aliporudi alikuwa na jina la mshtakiwa.

Mshtakiwa alikuwa Washington. Hapo zamani wanahistoria wetu karibu wote walikuwa na hadithi moja: Moscow ndiyo iliyoanza, Stalin alitaka kuimeza dunia, Marekani ikasimama mlangoni kumzuia. Kizazi cha Ardis kikaja kikasema, alaa, hebu tuonyesheni nani hasa alikuwa mlangoni kwa nani. Kitabu chake kilieleza kwamba Vita Baridi ilipikwa na wakubwa wa Washington waliokuwa wanatafuta soko la ngano na magari yao, na kwamba Warusi, baada ya kuzika mamilioni ya watu wao, walikuwa wamejaa hofu tu. Alimpelekea baba yake nakala. Halvor alisoma siku chache, akamwita mezani.

"Kwa hiyo Lyle alikufa kwa ajili ya magari," alisema.

"Ndiyo, baba. Ndicho ninachosema."

Mzee akamrudishia kitabu. Tangu siku hiyo akizungumza naye ilikuwa kuhusu hali ya hewa, na hata hiyo kwa kifupi, mpaka alipozikwa.

Sasa, mlango uliotazamana na wa Ardis pale ghorofa ya tatu ulikuwa wa Kazimierz Bielak. Huyu alikuwa Mpolandi wa mji wa Lwów. Alikuwa mtoto wakati askari wa Kisovieti walipoingia kwao na kumchukua baba yake akiwa na soksi tu miguuni. Yeye na mama yake wakasukumwa hadi Kazakhstan, wakatokea Uajemi, wakakaa miaka kadhaa katika kambi ya Wapolandi kule Tengeru chini ya Mlima Meru, na mwishowe Chicago. Kwa Bielak hapakuwa na swali la nani aliyeanza. Mtu akimuuliza alijibu, "Kamuulize baba yangu. Ah, samahani, huwezi." Aliandika vitabu vitatu, na vyote, ukivikamua, vinatoa sentensi hiyo hiyo.

Hawa wawili hawakupikika chungu kimoja. Bielak alimwita Ardis wakili wa Kremlin. Ardis alimwita Bielak padri wa makombora, na mara moja, mbele ya mgeni kutoka makao makuu ya jimbo, alimwita kitu kingine ambacho sitakiandika hapa. Idara ilikuwa na somo moja tu la Vita Baridi, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuliachia, ikaamuliwa wapokezane: Ardis anafundisha kipindi cha vuli, Bielak kipindi cha masika. Wanafunzi si wajinga. Waliosoma kwa Ardis waliwauzia wadogo zao siri kwamba kwake lazima Washington iwe na hatia ukurasa wa kwanza, na kwa Bielak usiposema Stalin mstari wa kwanza umekwisha. Chuki yao ikawa sehemu ya jengo, kama mabomba ya joto yanayogonga kila asubuhi, na sote tuliizoea. Nakwambia hivi kwa aibu kidogo. Tuliicheka pia.

Colleen Dressler aliingia katika maisha ya Ardis kwa mlango huo wa somo. Alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa binti mmoja, mume keshakwenda zake Montana na hakuacha anwani. Aliendesha asubuhi, akasoma mchana, akaendesha tena watoto wakitoka. Alisoma somo lile mara mbili, vuli na masika, jambo ambalo hakuna mwenye akili zake aliyelifanya. Kisha akagonga kwa Ardis na karatasi mbili za mtihani mkononi.

"Profesa, hapa nimesema Marekani ndiyo iliyoanza, ukanipa alama ya juu kabisa. Na hapa nimesema Urusi ndiyo iliyoanza, yule wa ng'ambo akanipa alama ya juu kabisa. Mmoja wenu ananidanganya, au wote wawili."

Mtu mwingine angetimuliwa. Ardis alimtazama, akatazama buti zake zilizokuwa zinachuruzisha theluji kwenye zulia, akacheka hadi akakohoa.

"Keti," alisema. "Na usiniite profesa."

Basi hivyo. Ardis hakuwa na mume wala mtoto, na wanafunzi wa uzamivu waliokuwa wakimjia walikuwa wakimkimbia baada ya muhula mmoja. Huyu alimaliza shahada za awali, akaingia uzamivu chini ya usimamizi wake, na hakukimbia. Ardis alimpa koti lake la manyoya ya kondoo. Alimpikia Jumatano lile bakuli letu la nyama ya kusaga na viazi linalookwa mpaka juu pakauke, na binti wa Colleen akala pamoja nao akichora mezani. Na jioni moja, vyombo vimeshaoshwa, Ardis alimsimulia Colleen jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu: baba yake, kitabu, "kwa ajili ya magari", na hali ya hewa. Alisimulia akitazama dirishani. Colleen hakusema pole. Alimmiminia kahawa.

Tasnifu ya Colleen ilihusu watu kama sisi. Alitaka kueleza jinsi wanahistoria walivyouelewa ule ugomvi wa Washington na Moscow tangu vita vikubwa vilipokwisha: wa kwanza walioishtaki Moscow, wa pili walioishtaki Washington, na hawa vijana wa siku hizi wanaosema pande zote mbili ziliogopana, zikasomana vibaya, kila mmoja akajenga ukuta kwa kudhani mwenzake anajenga ngazi. Ardis hakuwapenda hao wa tatu. Alisema ni watu wanaotaka kualikwa chakula na pande zote mbili. Lakini alimwachia Colleen nafasi, na kusema kweli alikuwa anajivunia kazi ile kuliko alivyojivunia kitabu chake mwenyewe.

Katika kazi yetu sura ya kwanza ya tasnifu ina desturi yake. Unawapanga mstari mmoja wote waliokutangulia, unawaamkia kwa heshima zote, kisha unawazika mmoja mmoja ili nawe upate pa kusimama. Ardis ndiye aliyemfundisha Colleen namna ya kuchimba makaburi hayo. Waliiandika sura ile mwanzoni kabisa, Bielak akazikwa vizuri, na wote wawili wakacheka. Kwa hiyo tasnifu nzima ilipokuja imekamilika, Ardis alifanya kosa ambalo ni msimamizi tu anaweza kulifanya: alianzia sura ya pili. Ya kwanza alikuwa anaijua.

Palikuwa na desturi nyingine pale kwetu. Kamati ya utetezi, ile inayomsikiliza mwanafunzi akiitetea tasnifu yake, ni watu watano. Mmoja akikataa, mwanafunzi anapita na ile kura inasahaulika. Wawili wakikataa, amekwisha, hakuna kurudia. Na msimamizi anayejiamini humweka adui yake kwenye kamati makusudi, ili baadaye mtu asije akasema mtoto alibebwa. Ardis alivuka ukumbi akasimama mlangoni kwa Bielak.

"Nina mwanafunzi anatetea mwezi wa nne."

"Nimesikia. Yule dereva."

"Nataka uwe kwenye kamati."

Bielak aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Ili nikatae?"

"Kataa utakavyo. Kura yako moja haimzamishi mtu."

"Kwa hiyo nitakuwa pambo, bibie."

"Pambo, ndiyo. Na la bei rahisi."

"Nitakuja," alisema Bielak kwa furaha, na akarudi kwenye kusahihisha.

Mkiniuliza ni nini kilikuwa hatarini, ni hiki. Chuo kidogo huko Nebraska kilikuwa kimempa Colleen kazi ya kufundisha, kwa sharti kwamba aje na shahada mkononi. Akija bila hiyo, asije. Yeye alikuwa ameshaiarifu kampuni ya mabasi kwamba muhula ukiisha anaondoka, na kumwambia mwenye nyumba. Binti alikuwa ameshaanza kugawa vitu vyake kwa marafiki. Kila kitu kilitegemea muda wa saa mbili, mchana mmoja, katika chumba chenye meza ndefu.

Asubuhi ya siku ya utetezi Bielak alibisha kwa Ardis. Miaka yote hiyo hakuwahi kubisha. Akitaka kitu alikuwa akimtuma mwandishi mahsusi wa idara. Alisimama pale akitabasamu, na tabasamu lile pekee lingetosha kumtia mtu homa.

"Umeisoma sura ya kwanza?"

"Nimeisoma zamani."

"Hii mpya?"

Bielak akaiweka tasnifu mezani, imefunguliwa, kidole chake juu ya mistari.

"Tumo sote wawili," alisema. "Tumekaa pamoja kama kwenye picha ya harusi." Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Ardis alisoma amesimama. Colleen alikuwa ameandika hivi: *Profesa Bielak anaandika kana kwamba baba yake angali anasikiliza. Profesa Tollefsrud anaandika kana kwamba baba yake angali anakataa kusikiliza. Wote wawili wameuliza nani aliyeanza, kwa sababu aliyefiwa huuliza hilo kwanza, na wote wawili walikuwa na jibu kabla hawajafungua sanduku la kwanza la nyaraka. Hawakuichunguza Vita Baridi. Waliipigana.* Na hapo chini, kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo: *Mazungumzo na Profesa Tollefsrud, nyumbani kwake.*

Damu ilimpanda kichwani. Alisema neno la Kinorwei, lugha ya wazee wao, ambalo mama yake alikuwa akiwaambia nguruwe, akainua simu, akamwita Colleen aje mara moja.

Colleen alikuja amevaa gauni la bluu, nywele zimechanwa vizuri. Aliona kitabu kilichofunguliwa, akaona ukurasa, na bega lake moja likashuka.

"Nilidhani umeshaisoma," alisema. "Nilikuletea wiki tatu zilizopita. Hukusema kitu. Nikasema, kumbe amekubali."

"Nimekubali? Nimekubali nini? Yale nilikwambia mezani kwangu, unakula chakula changu!"

"Najua."

"Najua! Eti najua! Umeniweka kwenye tanbihi, Colleen. Umemweka baba yangu kwenye tanbihi."

"Ardis, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwanahistoria asiyesema anatoka wapi ni mwongo. Umeniambia mara mia."

"Nilikuwa nawasema wao!"

Colleen akamtazama. "Wao kina nani?" aliuliza, na hakuuliza kwa ukali, ndiyo maana iliuma.

Ardis alizunguka meza. Alikuwa mwanamke mrefu, na alipokasirika alirefuka zaidi. "Utaing'oa. Utaahirisha utetezi, utaing'oa, tutakaa tena vuli."

"Nebraska hawatangoja vuli."

"Basi ing'oe mistari hiyo sasa hivi. Tutawaambia ni kosa la chapa. Unapanda ngazi unasema, samahani, sehemu hii tuiache."

"Kama ni uongo, niambie, nitaing'oa hapa hapa mbele yako. Ni uongo?"

"Ni utovu wa adabu."

"Sijauliza hivyo."

"Na kunilinganisha na yule! Mimi na Bielak, sahani moja! Huyo mtu hajawahi kufikiri tangu mwaka arobaini, analia tu. Mimi nimefanya utafiti. Nimekaa kwenye hifadhi za nyaraka mpaka macho yakaharibika."

"Na yeye amekaa," alisema Colleen. "Masanduku ni yale yale. Nimeangalia fomu za kuyaazima. Majina yenu yanafuatana."

Hapo Ardis akamwambia atoke. Alisema kwa sauti ya chini, na wanaomjua walikuwa wakiiogopa hiyo kuliko kelele. Colleen aliokota mkoba wake. Mlangoni aligeuka.

"Sikuiandika kukuumiza. Niliiandika kwa kuwa huzuni hiyo ndiyo sehemu bora ya kitabu chako. Nilipojua kuhusu Lyle na mzee, ndipo nilipokielewa."

"Toka, mtoto wewe."

Saa nane mchana walikaa. Mwenyekiti wa idara, Bwana Whitcomb, mtu mpole anayependa mambo yaishe, alikaa kichwani mwa meza. Wawili wengine walitoka idara ya jirani, na walikuja hasa kwa sababu baada ya utetezi hutolewa keki. Bielak alikaa mkabala na Ardis. Colleen alikaa mwisho wa meza, peke yake, na glasi ya maji.

Bielak alianza kumpiga maswali na hakumhurumia. Alimuuliza kuhusu Poland, kuhusu Prague, kuhusu Budapest. Alimuuliza kama mtu aliyechukuliwa na soksi tu miguuni ni "tafsiri". Alimuuliza kama anadhani ukweli ni kitu cha kugawana nusu kwa nusu ili kila mtu arudi nyumbani ameshiba. Colleen alijibu moja baada ya jingine. Alisema mtu aliyechukuliwa si tafsiri, na hakuna mahali alipoandika hivyo. Tafsiri ni pale mtu anapomchukua huyo mmoja akamfanya ufunguo wa kila mlango. Mara moja tu alikatisha kunywa maji. Whitcomb alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeyote aliyekuwepo atakwambia: yule dereva aliijua kazi yake.

Msimamizi huzungumza wa mwisho, na mara nyingi anasema maneno mawili ya asante. Ardis alikunja mikono juu ya meza.

"Bibi Dressler," alisema, na kila mtu akasikia lile *Bibi*. "Umetuambia sisi ni watoto wa baba zetu. Vizuri. Na wewe je? Wewe umeshuka kutoka mbinguni? Baba yako alikuwa nani, mpaka uwe safi kuliko sisi?"

Whitcomb akakohoa.

"Baba yangu alikuwa dereva wa lori," alisema Colleen. "Alipeleka saruji ya mashimo ya makombora katika nchi hii yote, na kwenu pia, inawezekana. Alilipwa vizuri. Nililelewa kwa fedha ile, nikapelekwa kwa daktari wa meno kwa fedha ile, na kwa hiyo mtu akisema makombora yalikuwa ujinga mtupu kuna kitu ndani yangu kinakataa, na mtu akisema yalikuwa lazima kuna kitu kinakataa pia. Siko safi." Akaisogeza glasi. "Nimeyaandika haya yote, Profesa. Yako ukurasa unaofuata. Hukufika."

Mmoja wa wale wa idara ya jirani aliangua kicheko, akakimeza haraka, lakini kilikuwa kimeshatoka. Bielak alitazama dari. Ardis alihisi uso unawaka hadi masikioni, kama mtoto aliyeitwa ubaoni hajui. Miaka yote ile aliwaumbua watu wazima mbele ya wenzao kwa kutosoma mpaka mwisho.

Colleen aliombwa asubiri nje.

"Sawa," alisema Whitcomb akisugua mikono. "Mimi nimeridhika. Nyie?" Wale wawili waliridhika. "Kazimierz?"

"Nakataa," alisema Bielak. "Aliyoandika kuhusu bibie hapa ni kweli tupu. Aliyoandika kunihusu mimi ni matusi."

"Kinyume chake," alisema Ardis papo hapo, na wale wawili wakacheka, na Whitcomb naye akacheka, kwa kuwa walidhani mambo yamekwisha na wamerudi kwenye utani wa kila siku. Whitcomb alikuwa ameshafungua kalamu na kuisogeza kwa Ardis pamoja na karatasi ya kutia sahihi.

"Ardis, malizia tukale keki."

Hakuigusa kalamu.

Nimejaribu mara nyingi kumtetea hapa. Alikuwa amesalitiwa, hilo kweli. Siri ya mtu si kuni ya kupikia. Lakini yeye mwenyewe alijua, palepale kwenye kiti, kwamba kazi iliyo mbele yake ni nzuri, na kwamba hasira yake yote ilikuwa ni kwa sababu ni nzuri. Alijua vilevile kuhusu Nebraska, kuhusu mwenye nyumba, kuhusu binti aliyekwisha gawa vitu vyake. Alivijua vyote, akavipima, na kile kicheko kilichomezwa kikawa kizito zaidi.

"Nakataa," alisema.

"Unakataa nini?" aliuliza Whitcomb, angali akitabasamu.

"Napiga kura ya kukataa. Sura ya kwanza haina ushahidi wa kutosha."

"Ardis. Huyu ni wako."

"Najua ni wa nani."

"Ushahidi upi hautoshi?"

Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kiti cha Ardis umevaa miwani, na kila mtu chumbani aliuona. Ardis alirudia kwamba hautoshi. Whitcomb akaifunga kalamu, akaandika kitu kwa penseli. Wale wawili hawakucheka tena. Bielak hakusogea, alikuwa anamtazama Ardis kwa macho ambayo hajawahi kumtazama nayo, kama mtu anayemtambua ndugu wa mbali kituoni.

Ilimpasa msimamizi kutoka kwanza. Kwetu hapo ndipo msimamizi hufungua mlango na kumwita aliyengoja kwa cheo chake kipya, Daktari Fulani, na watu wote wa ukumbini hupiga makofi. Mwandishi wa idara alikuwa amesimama na keki ya chokoleti. Wanafunzi wawili watatu walikuwa wamekuja. Colleen alisimama dirishani na koti lake mkononi, uso umegeukia mlangoni, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kutabasamu.

"Colleen," alisema Ardis.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwandishi wa idara aliishusha keki polepole mpaka ikagusa meza.

Colleen alihesabu kwa macho, na Ardis alimwona anahesabu. Bielak mmoja. Kisha?

"Nani wa pili?" aliuliza.

Angeweza kusema kura ni siri. Kanuni ilimruhusu.

"Mimi."

Colleen alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hawezi kukinunua. Hakulia. Aliliondoa lile koti la manyoya ya kondoo mkononi, akaliweka juu ya kiti cha ukumbini, akatazama saa ya ukutani.

"Watoto wanatoka sasa hivi," alisema. "Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu. Nitamwambia hakuna haja." Akashuka ngazi na gauni lake la bluu, bila koti, na nje kulikuwa na theluji inayoyeyuka na upepo wa mwezi wa nne.

Wanafunzi waliondoka mmoja mmoja. Mwandishi wa idara alichukua keki akairudisha ofisini, hakumtazama mtu. Mlango wa chumba ukafunguka tena, akatoka Bielak na mkoba kwapani. Alisimama kando ya Ardis, bega kwa bega, wote wawili wakitazama ngazi tupu.

"Nilikuwa najua nitakataa," alisema. "Wewe sikukutegemea. Nimefurahi, bibie. Mimi na wewe leo tumeilinda historia."

Ardis alitafuta la kumjibu. Kwa mtu huyu hakuwahi kukosa neno. Alikuwa na maneno ya akiba, mengine aliyatunga akioga. Alitafuta kote na hakupata hata moja. Bielak alimngoja kwa adabu. Kisha akatangulia, akamshikia mlango wa ngazi, na Ardis akapita.